Nani atashinda Jumamosi?

Watoto wapenzi, najua Jumamosi mnaganda mbele ya televisheni kutazama futiboli ya vyuo vikuu. Basi wiki hii tubashiri kwa Kiswahili. (Kubashiri tu, si kubeti, wazazi msinipigie simu.)

Ukiwa na uhakika, tumia -ta-: "Ohio State itashinda." Usipokuwa nao, anza na huenda, kisha -ka-: "Huenda Michigan ikashinda." Kwenye madaftari yenu naona "huenda itashinda", -ka- ndiyo inayokaa vizuri hapo.

Mwaka 2007 kila mtu alisema Michigan itashinda. Ilikuwa ya 5 kwa ubora nchini, tena ilicheza nyumbani Ann Arbor. Wageni wao, Appalachian State, walitoka daraja la chini. Wakashinda 34 kwa 32! Sekunde za mwisho Michigan walipiga teke la pointi 3, likazuiwa. Kwa jambo lililokwisha kupita tunasema: "Teke lile lingaliingia, Michigan ingalishinda 35 kwa 34."

Ijumaa usiku andika sentensi mbili, ya -ta- na ya huenda. Baba au mama aandike zake bila kuchungulia. Mje nazo Jumapili, hata mkikosea. Zangu pia nitazisoma.