Kukanda na kuchua: mguu uliovimba msiuguse

Huku kwetu Kiswere mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na mvuvi anayeumwa mgongo huchuliwa kwa mafuta ya nazi. Joto hulegeza misuli iliyokaza. Kuchua taratibu hupunguza maumivu na kuleta usingizi. Bibi zetu wanaijua kazi hii kuliko sisi wa zahanati, ila maji yasiunguze, na tumbo la mjamzito lisichuliwe kwa nguvu, kondo la nyuma laweza kubanduka.

Lakini mzazi akivimba mguu mmoja, ukauma na kupata joto, msiuchue wala kuukanda! Huenda damu imeganda mshipani. Ukisuguliwa, bonge laweza kung'oka likaziba mapafu, akafa ghafla. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje arubaini.