Sukari, Tansio na Moyo: Kabla na Baada ya Upasuaji

Kisukari, tansio ya juu (shinikizo la damu), mafuta mengi katika damu na unene wa tumbo huhesabiwa na watu wengi kuwa maradhi manne yasiyojuana. Ndani ya mwili hayatengani. Kwa sehemu kubwa yanatokana na hitilafu katika namna mwili unavyopokea chakula, kukiweka akiba na kukitumia, na yote huishia kuumiza mishipa ile ile ya damu. Mwenye moja kati ya hayo yuko karibu zaidi kupata la pili, na kila linaloongezeka humzidishia hatari ya moyo.

Chakula cha wanga, kiwe fufu, ndizi, viazi vya Masisi au mkate, hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo huiwezesha sukari hiyo kuingia katika misuli na viungo vingine. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi, au mwili umeacha kuitii. Sukari hubaki katika damu ikipita mchana na usiku juu ya utando laini uliotanda ndani ya mishipa, na utando huo huchakaa. Pale ulipochakaa, kolesteroli hupenya na kujikusanya. Ukuta wa mshipa huwa mgumu na njia ya damu huwa nyembamba. Tansio ya juu huharakisha uharibifu kwa kuupiga ukuta huo kila moyo unapodunda. Siku fungu la mafuta linapopasuka, damu huganda juu yake. Mgando ukiziba mshipa unaolisha moyo, hilo ni shambulio la moyo. Ukiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Mtu mzima mwenye kisukari ana hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo mara 2 hadi 4 kuliko asiye nacho.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 52, zikiwemo za Afrika. Ulionyesha kwamba mambo tisa yanayoweza kupimwa au kubadilishwa, miongoni mwao sigara, kisukari, tansio, mafuta ya damu na unene wa tumbo, yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo. Kwa Waafrika weusi waliochunguzwa, tansio ilikuwa na uzito mkubwa kuliko kwa watu wengine. Kwa hiyo nyumba ya Katindo au Ndosho, mjini Goma, isiyoweza kulipia vipimo vingi kwa mara moja ianze na tansio, kisha sukari.

Wembamba si kinga

Bado wako watu wengi wanaoona kitambi kuwa dalili ya neema, na wembamba kuwa uthibitisho kwamba mtu hana sukari. Imani zote mbili ni za hatari. Mafuta yanayozunguka matumbo ndiyo hasa yanayovuruga kazi ya insulini, hata kwa mtu mwenye mikono na miguu myembamba. Kiuno cha sentimita 80 au zaidi kwa mwanamke, na 94 au zaidi kwa mwanaume, kinatosha kuwa sababu ya kwenda kupimwa. Utepe wa fundi cherehani hufanya kazi hiyo vizuri.

Upande wa pili wako watu waliokonda na wana kisukari. Mwezi wa nne mwaka 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano ya kisukari, ile inayohusiana na utapiamlo wa muda mrefu, hasa wa utotoni. Jambo hilo linaigusa Kivu kwa karibu, kwa kuwa watoto wengi wamekua katika njaa na kukimbia vita. Kijana mwembamba anayekojoa mara kwa mara, mwenye kiu isiyokatika na anayezidi kupungua uzito, apimwe sukari kabla ya kuanzishiwa dawa za minyoo au kudhaniwa kuwa amerogwa.

Namba za kukumbuka

Wauguzi na wagonjwa wa Goma huitaja tansio kwa namba fupi: 12 kwa 8, 14 kwa 9. Mashine ya nyumbani huonyesha 120/80 au 140/90. Ni kipimo kile kile. Tansio inayofika 14 kwa 9 au kupita, ikipimwa siku tofauti mtu akiwa ametulia, ni ugonjwa hata kama kichwa hakiumi. Wengi hawasikii chochote kwa miaka mingi, na hapo ndipo tansio inapofanya uharibifu wake mkubwa. Sukari iliyopimwa asubuhi kabla ya kula ikifika miligramu 126 kwa desilita, na ikarudi hivyo katika kipimo cha pili, ni kisukari. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Mgonjwa hawezi kukirekebisha kwa kufunga siku mbili kabla ya kumwona daktari. Kikifika asilimia 6.5, ni kisukari.

Jikoni, adui wa kwanza wa tansio ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na ndani yake ihesabiwe chumvi iliyofichwa katika makayabu (samaki wa chumvi) na kube za kukolezea mchuzi. Makayabu ilowekwe na maji yamwagwe zaidi ya mara moja, na mchuzi wake usiongezwe chumvi. Mafuta ya mawese si sumu, lakini karibu nusu yake ni aina ya mafuta inayopandisha kolesteroli. Sombe, majani ya muhogo, haihitaji kuogelea ndani ya mawese. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, ni chakula kizuri cha moyo wakipikwa kwa mafuta machache, na kwa kawaida nyumba nyingi huwamudu kuliko nyama. Soda na chai iliyojaa sukari ndizo za kwanza kuachwa na mwenye kisukari.

Vita vimefanya utunzaji wa insulini kuwa mtihani wa peke yake. Familia iliyohama bila friji hudhani dawa imekwisha kazi, nayo huitupa au humpunguzia mgonjwa dozi. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliofanywa kwa kufuata joto la kambi ya Dadaab, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Hali ya hewa ya Goma ni ya ubaridi kuliko hiyo. Chupa ihifadhiwe kivulini, mbali na jua na jiko la makala, na kituo cha afya kiulizwe kabla ya kuitupa.

Moyo wa mwenye kisukari unaweza kuumia kimya. Sukari huharibu pia mishipa ya fahamu, kwa hiyo shambulio la moyo huweza kuja bila yale maumivu makali ya kifua: pumzi kukata ghafla, jasho baridi, kichefuchefu, uchovu usioelezeka. Dalili hizo hudhaniwa kirahisi kuwa malaria au vidonda vya tumbo. Kwa mwenye kisukari aliyepita umri wa miaka 40, ziwe sababu ya kwenda hospitali saa ile ile.

Mgonjwa anapohitaji kisu

Wagonjwa wengi wanaopasuliwa moyo katika ukanda huu ni vijana wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Pamoja nao sasa wako watu wazima ambao mishipa ya moyo imezibwa na sukari na tansio. Mgonjwa wa Goma hupelekwa mara nyingi nje ya mji: Hospitali ya King Faisal ya Kigali iko kama kilomita 160 kutoka mpaka wa Gisenyi, Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda kule Mulago, Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Safari hiyo hugharimu familia mali nyingi, nayo huweza kupotea bure kama mgonjwa atafika na sukari isiyodhibitiwa.

Ili kuufikia moyo, mfupa wa kifua hupasuliwa kwa msumeno, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma. Mara nyingi moyo husimamishwa na mashine hufanya kazi yake na ya mapafu. Mwili hulijibu jeraha hilo kwa homoni zinazopandisha sukari, hata kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari. Sukari ikipanda sana, chembe nyeupe za damu hulegea katika kupambana na vijidudu, na kidonda huchelewa kufunga. Linaloogopwa zaidi ni usaha kuingia ndani ya mfupa wa kifua, maana unaweza kuua siku ambazo moyo wenyewe umekwisha kupona.

Mjini Portland, Marekani, madaktari waliwapa wagonjwa wao wa kisukari insulini mfululizo kwa mshipa baada ya upasuaji, badala ya sindano za hapa na pale. Mwaka 1999 walitoa taarifa kwamba maambukizi hayo ya kina yalishuka kutoka asilimia 2.0 hadi 0.8. Baadaye wengine walijaribu kuishusha sukari chini kabisa, lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2009 kwa wagonjwa mahututi ulionyesha kwamba kuibana kupita kiasi kuliongeza vifo. Tangu hapo hospitali nyingi hulenga kuiweka chini ya miligramu 180 bila kuiachia iporomoke. Ndugu anayemlinda mgonjwa wodini asishangae kuona insulini ikitolewa kwa mtu aliyekuwa akitumia vidonge tu. Hiyo si ishara kwamba ugonjwa umezidi.

Hatari ya maambukizi baada ya upasuaji wa moyo ilionekana Afrika tangu upandikizaji wa kwanza. Louis Washkansky, mtu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu mwingine, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, alikuwa na kisukari. Moyo mpya ulipiga vizuri. Aliishi siku 18, akafa kwa nimonia baada ya kinga yake kudhoofishwa na dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo huo.

Figo nazo huhesabiwa kabla ya upasuaji. Zikiwa zimekwisha kudhoofishwa na kisukari na tansio, huweza kushindwa katika siku za mwanzo. Unene mkubwa huongeza maambukizi ya kidonda na kuyapa mapafu kazi ngumu, lakini aliyekonda kwa utapiamlo naye yuko hatarini, pengine zaidi ya mnene wa wastani, kwa sababu hana akiba ya kujengea kidonda. Kwa hiyo kumlaza mgonjwa njaa ili apunguze uzito haraka kabla ya safari ni kosa. Ale maharage, mayai na samaki.

Mwenye kisukari aliyezibwa mishipa kadhaa ya moyo huweza kushauriwa apasuliwe badala ya kuwekewa kijibomba cha kufungua mshipa. Ushauri huo una msingi: utafiti wa mwaka 2012 uliohusu wagonjwa 1,900 ulionyesha kwamba kwao upasuaji wa kuipa damu njia mpya ulipunguza vifo na mashambulio ya moyo, ingawa kiharusi kilikuwa kingi zaidi.

Nyumbani, kabla na baada

Miezi ya kungoja safari ni sehemu ya matibabu. Daktari hutaka HbA1c ishuke, tansio itulie, meno yaliyooza yatibiwe na sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Vidonge vingine vya sukari husimamishwa siku chache kabla ya kisu na vingine huendelea, kwa hiyo mgonjwa asijiamulie. Orodha ya dawa zote, pamoja na miti shamba, ivuke mpaka pamoja naye.

Baada ya kurudi, mfupa wa kifua huhitaji wiki 6 hadi 12 kuungana. Katika muda huo mgonjwa asibebe bidoni la maji la lita 20, asisukume chukudu (kigari cha mbao cha kubebea mizigo), na asipande pikipiki juu ya mawe ya volkano. Kwa wanawake wengi wa Goma hili ndilo sharti gumu kuliko yote, na haliwezekani bila watu wa nyumbani kumchotea maji. Kutembea polepole kila siku kunamfaa. Aliyewekewa vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Majani kama sombe na lengalenga huigusa nguvu ya dawa hiyo, kwa hiyo ale kiasi kile kile kila wiki bila kuyaacha kabisa.

Aliyepewa njia mpya za damu huendelea na aspirini, dawa ya kolesteroli, ya tansio na ya sukari, kwa sababu mishipa mipya huzibwa na yale yale yaliyoiziba ya zamani. Akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari huenda imeshuka: apewe maji ya sukari mara moja kama anaweza kumeza, kisha apimwe. Homa, usaha, wekundu unaotambaa kuzunguka kidonda, au mfupa wa kifua unaocheza na kutoa mlio anapokohoa, ni mambo ya kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo.