Mkokoteni Ukikwama Topeni, Tusukume Wapi?

Mkokoteni umejaa magunia ya mahindi na umekwama kwenye tope. Maksai wamechoka, mvua nayo yaja. Wengi wetu hukimbilia nyuma kusukuma. Je, ndipo mahali pazuri? Kabla ya kujibu, tulitazame gurudumu lenyewe.

Gurudumu ni kitu kigumu. Katika fizikia maana yake ni hii: sehemu zake hazisogeleani wala haziachani. Unga uliokandwa hauko hivyo, ukiuvuta unarefuka. Kitu kigumu huweza kusogea, au kuzunguka, au kufanya yote mawili pamoja. Sanduku likiburutwa linasogea. Mlango kwenye bawaba unazunguka. Gurudumu barabarani linafanya yote mawili.

Jaribuni kwa baiskeli. Pimeni upana wa gurudumu kupitia katikati. Tuseme mmepata sentimita 66. Zidisheni kwa 3.14, mtapata karibu sentimita 207. Tieni alama ya chokaa pale tairi inapogusa chini, msukume polepole mpaka alama irudi chini. Pimeni: baiskeli imekwenda mita 2 na kidogo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Gurudumu likibiringika bila kuteleza, pale linapogusa ardhi pamesimama kwa kitambo kidogo sana. Ekseli inakwenda kwa mwendo wa mkokoteni. Juu kabisa ya tairi panakwenda mara mbili ya ekseli. (Wanafunzi wetu hubisha hapa, na si vibaya kubisha.) Ni kana kwamba gurudumu zima linazungukia pale chini, kama mlango kwenye bawaba. Nanyi mwajua, ukisukuma mlango karibu na bawaba utatoka jasho bure.

Basi shikeni tairi juu kabisa, msukume mbele. Hapo ni mbali na ardhi mara mbili kuliko ekseli, kwa hiyo nusu ya nguvu yatosha. Ila mikono itasafiri mara mbili.

Lakini angalieni! Maksai wakishtuka wakavuta, tairi juu litakwenda kasi mara mbili ya mkokoteni, na mkono wako nao. Sukumeni kwa viganja, msiingize vidole kwenye spoki. Mtu mmoja awashike maksai. Mwingine aweke jiwe nyuma ya gurudumu kila mara mkokoteni unaposimama, lisirudi.

Swali: Gurudumu lina upana wa sentimita 70. Mkokoteni umekwenda karibu mita 22. Gurudumu limezunguka mara ngapi?