Kuchagua Chombo cha Kwanza cha Tanga kwa Jamaa

Watu wengi wa pwani huazimu kununua chombo kidogo cha tanga kabla ya kujua watakitumia kwa kazi gani. Humwona jirani ana mashua nzuri, nao wataka mashua. Au husikia kuwa ngalawa fulani yauzwa rahisi, wakaenda mbio na fedha mkononi. Baada ya miezi michache chombo kimelazwa mchangani, chapasuka kwa jua, na fedha za karo ya watoto zimekwisha. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni ya roho za watu, maana chombo cha jamaa hupakia mama na watoto, wala si mabaharia. Kwa hiyo leo twataka kueleza kwa taratibu mambo yampasayo mtu kuyatazama kabla ya kununua. Twawaomba wakubwa wa vijiji na walimu wawasomee na wale wasiojua kusoma.

1. Kazi ya chombo

Jiulize kwanza maswali matatu. Nani watakaopanda? Watakwenda katika maji gani? Na nani atakayekivuta chombo mpaka juu ya mchanga siku ya upepo mkali? Tuseme jamaa ni baba, mama na watoto watatu, nao wataka kuvuka ghuba kwenda shambani, kuvua samaki wa kitoweo ndani ya mwamba, na kuwafundisha watoto bahari. Jamaa hii haina haja ya chombo kikubwa. Chombo wasichoweza kukivuta wenyewe kitawalazimu kuajiri watu kila siku, na siku watu wasipopatikana, mawimbi yatakivunja. Chombo kizuri cha kwanza ni kile ambacho watu wazima wawili wa nyumba hiyo waweza kukiendesha, na mmoja wao akiugua baharini, wa pili aweza kukirudisha.

2. Ngalawa, dau na mashua

Ngalawa huchongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mwembe, nayo ina ndubi mbili, moja kila upande. Ndubi ndizo zinazoizuia isilale, kwa hiyo yamfaa sana mwanafunzi. Haina maji mengi chini yake, hupita juu ya matumbawe na kufika mpaka ufukoni. Aibu yake ni mbili: ni nyembamba, mizigo haikai vizuri, na ikipinduka ni taabu kuigeuza tena, kwa sababu ya upana wa ndubi zile.

Dau dogo la mbao lina nafasi zaidi, na watoto huketi chini salama. Lakini halina ndubi, basi hutaka mtu ajuaye kupima upepo na kuwapanga watu ndani. Tena mbao zataka kalafati kila mwaka, na misumari huliwa na kutu.

Mashua ni chombo cha biashara na safari. Ni nzito, tanga lake ni kubwa, na hutaka mabaharia kadha wa kadha. Asiyepata kuwa na chombo asianze na mashua.

Shauri letu ni hili: jamaa ya watu wachache na ianze na ngalawa ya mita 5 au 6, jamaa yenye mtu aliyekwisha kuzoea bahari yaweza kuanza na dau dogo.

3. Tanga

Tanga letu la pembe tatu lina nguvu nyingi, lakini lina ugumu wake. Mtu akitaka kubisha, hana budi kugeuza chombo mpaka tezi ielekee upepo, na foromali ipitishwe mbele ya mlingoti. Wakati huo ndio wa hatari. Kwa hiyo usilinunue tanga kubwa kwa kujisifu. Yafaa kuwa na matanga mawili, moja la upepo mchache na moja dogo la siku za kusi. Na kamba ya demani isifungwe kwa fundo kabisa. Ishikwe mkononi, au ifungwe kwa namna ya kufunguka mara ivutwapo, ili upepo ukija kwa ghafula tanga liachiliwe.

4. Kukagua chombo kilichotumika

Wengi wetu hununua chombo cha mkono wa pili, na hapana ubaya, mradi kikaguliwe. Chukua kisu kidogo, uchome mti taratibu chini kabisa na penye miisho ya gogo: kisu kikiingia kama katika muhogo uliopikwa, mti umeoza. Tazama nyufa zitokazo kwenye omo na tezi. Tikisa miti iliyoshika ndubi, ukazitazame na kamba zake. Katika dau, tazama vichwa vya misumari: madoa mekundu kuizunguka ni alama ya kutu iliyo ndani. Livute tanga kwa mikono miwili penye mshono, maana jua huozesha nguo nayo bado yaonekana nzima.

Kisha kilaze chombo majini usiku mmoja. Dau lililokaa juani muda mrefu huvuja mwanzo, hata mbao zinywe maji na kuvimba. Lakini likiendelea kuvuja siku ya tatu, waache wenyewe na dau lao. Rangi mpya isikudanganye. Muuzaji akikataa chombo kisijaribiwe, amekwisha kukujibu.

5. Kupima mzigo

Hapa walimu waweza kuwapa watoto hesabu. Baba ana kilo 70, mama 60, watoto 40, 30 na 20. Jumla yao ni kilo 220. Nanga, nyavu, chakula na maji ya kunywa ni kilo 50. Jumla ya yote ni kilo 270. Basi usiwapakie watoto ili kujaribu chombo. Tia magunia ya mchanga yenye uzito wa kilo 270, penye maji ya kiunoni, ukatazame ukingo. Ukiwa juu ya maji chini ya shubiri nzima, chombo hicho ni kidogo kwa jamaa hiyo.

Jambo la mzigo si dogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, kikiwa kimepakia kupita kiasi chake, na watu zaidi ya 220 walikufa. Ikiwa kivuko cha chuma kilishindwa, gogo la mwembe litafanyaje?

Tena funga madumu matupu ndani ya chombo. Dumu la lita 20, likizibwa vema, huinua uzito wa karibu kilo 20 ndani ya maji. Madumu manne yatakifanya chombo kilichojaa maji kielee na watu wakishike. Kila mtu avae jaketi la kuelea, na wote wajue sharti hili: chombo kikipinduka, kishikeni, msikiache mkaogelea kutafuta pwani.

6. Mfano wa Uingereza

Haja hii si yetu peke yetu. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilitangaza mashua ndogo iitwayo Mirror, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell, ili watu wa mapato madogo wapate kujiundia nyumbani. Urefu wake ni mita 3.3, mbao zake nyembamba hushonwa kwa waya wa shaba kisha viungo huzibwa, na ndani mna vyumba vya hewa vya kuizuia isizame. Zimeundwa zaidi ya 70,000. Twajifunza kwamba chombo cha jamaa husifiwa kwa wepesi, usalama na bei, wala si kwa ukubwa.

7. Majira na sheria

Usianze kujifunza wakati wa kusi kali, yaani Juni na Julai. Oktoba na Novemba upepo huwa mpole. Jifunze maji pia, kwani wakati wa bamvua hupanda na kushuka mita 3 hata 4, na asiyejua huachwa juu ya mwamba. Kabla ya kulipa fedha, uliza habari za kuandikisha chombo: Tanzania Bara kwa TASAC, Unguja na Pemba kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya kwa KMA. Andikianeni hati mbele ya mashahidi.

Mwisho, wekeni nyumbani nahodha mmoja, ajulikane, na neno lake lifuatwe hata na aliye mkubwa kuliko yeye. Wazee walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na nahodha huyo akisema leo hatutoki, asichekwe. Samaki wa kesho watakuwapo.