Punguzo la Kodi na Moyo wa Kutoa

Katika falsafa ya maadili tunajiuliza: tendo jema likifanywa kwa kutazamia faida, linabaki kuwa jema? Swali hili linaonekana wazi katika sheria za kodi. Nchi nyingi humpunguzia kodi anayetoa msaada kwa makanisa, shule, hospitali na mashirika yasiyotafuta faida. Tutazame Marekani, ambako utaratibu huu ulianza mwaka 1917.

1. Punguzo linavyofanya kazi

Mtoaji huondoa kiasi alichotoa katika mapato yake yanayotozwa kodi. Mwaka 2018, tajiri aliyetozwa asilimia 37 na kutoa dola 100, kodi yake ilipungua kwa dola 37. Mfukoni mwake zilitoka dola 63 tu. Wenye kipato cha kawaida wengi walitumia punguzo la jumla, ambalo mlipakodi hupata awe ametoa au hakutoa. Huyo akitoa dola 100, zilimtoka zote.

2. Je, linabadili utoaji?

Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2018 punguzo la jumla kwa mtu mmoja lilipandishwa kutoka dola 6,350 hadi 12,000. Mamilioni ya watu hawakuwa tena na sababu ya kuorodhesha misaada yao. Utafiti wa wachumi uliotolewa 2024 ulikadiria kwamba utoaji ulipungua kwa takribani dola bilioni 20. Hata hivyo, mwaka huo watu binafsi walitoa zaidi ya dola bilioni 250. Maana yake, punguzo liliwasukuma baadhi, lakini sehemu kubwa ya utoaji haikutegemea punguzo hilo.

Uingereza ina njia nyingine tangu 1990: mlipakodi akitoa pauni 1, shirika hudai peni 25 kutoka serikalini. Hapo nyongeza inamfikia mhitaji moja kwa moja.

3. Tuhukumuje?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba tendo hupimwa pia kwa kusudi lake. Anayetoa ili akwepe kodi tu amefanya hesabu, hajatenda fadhila. Lakini anayempenda maskini, kisha akatumia punguzo ili aweze kutoa zaidi, hana kosa. Punguzo ni chombo tu mikononi mwake.

Swali zito zaidi ni la haki. Zile dola 37 ambazo hazikuingia serikalini zilikuwa za hazina ya wote. Kwa hiyo tajiri alichagua pa kuzipeleka, na maskini aliyetoa kwa jasho lake hakupata nafasi hiyo. Hapa tunamkumbuka mjane wa Injili ya Marko sura ya 12: sarafu zake mbili zisingempatia punguzo lolote, na ndizo Yesu alizozisifu. Kwa sheria ya 2025, kuanzia 2026 hata wanaotumia punguzo la jumla wanaweza kuondoa misaada ya fedha hadi dola 1,000. Ni hatua kuelekea haki.

Sheria njema yaweza kuongeza fedha za huduma, wala tusiidharau. Upendo, hata hivyo, hauzaliwi na sheria ya kodi. Hulelewa nyumbani, katika jumuiya ndogondogo na altareni.

Maswali ya tafakari

1. Sadaka yangu ingebaki ileile kama hakuna anayeiona wala kuirudisha?
2. Je, parokia yetu inaheshimu sadaka ndogo sawa na kubwa?