Mas'ala ya Fundi na Mwanagenzi Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Huja mzee na mwanawe kwa mshona kanzu, akasema, "Mtoto huyu ni wako, mfunze kazi." Fundi hukubali, na maneno huishia hapo. Haukutajwa muda, wala ujira, wala kazi yenyewe. Hupita miaka mitatu, kijana angali akifagia na kutia vifungo, mkasi hajaushika. Kwani fundi achelea kwamba akijua kukata atafungua duka lake.

Je, Sharia yasemaje? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ijara haisihi ila manfaa yajulikane na ujira ujulikane. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj kuwa manfaa hujulikana kwa muda au kwa kazi. Hata wa kufunza Qurani hutajiwa muda au sura. Na ushoni ni vivyo hivyo: ama itajwe miaka miwili, ama itajwe kupima, kukata, kushona na kudarizi. Wala si vibaya kazi ya kijana kuwa badali ya mafunzo, maadamu zote mbili zimejulikana.

Ama kauli ya "atakula na atavaa", hiyo haisihi, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani. Na ijara ikifasidi, na kazi imekwisha kufanywa, humpasa fundi ujira wa mfano, yaani apewao mtu wa kazi kama ile katika mji ule. Basi adhaniye kuwa amepata mtumishi wa bure, na ajue kwamba kila siku ipitayo yazidisha deni shingoni mwake.

Tena Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Dharr kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kumtwika mtumishi asiloliweza, na akitwikwa, asaidiwe. Mwenye kumpa kijana asiyefunzwa kitambaa cha watu, kisha akamlaumu kikiharibika, na ajilaumu nafsi yake.

Ama khofu ya rizki, Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 80, kuwa alimfunza Nabii Daud kufanya deraya ziwakinge watu. Ufundi, basi, ni neema ya kunufaisha, si ya kufichwa. Na duka la mkono mmoja, fundi akiugua siku kumi kabla ya Idi, kanzu za watu hulala.

Basi walii wa kijana na fundi wakae, wataje muda, kazi na ujira, waandike mbele ya mashahidi wawili. Na kijana naye achunge amana ya mwalimu wake.

Wabillahi ttaufiq.