Linda Utumbo kwa Kunde na Mboga za Shambani

Utumbo unavyojikinga
Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli. Safu hiyo hupitisha maji na virutubisho na kuzuia vijidudu visiingie kwenye damu. Nyuzinyuzi za kunde, choroko na mboga hazisagiki tumboni. Zikifika utumbo mpana, bakteria wazuri huzichachusha na kutoa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Chakula cha bakteria hao huitwa prebiotiki.

Je, ninunue unga au vidonge vya dukani?
Tazama tafiti hizi:
- Malawi, 2015: watoto 18 walipewa wanga sugu (wanga usiosagika tumboni) wa kuongeza kwenye chakula. Butireti ilipungua, dalili za uvimbe utumboni zikaongezeka.
- Malawi, 2018: watoto wa miezi 12 hadi 23 waliokula unga wa maharage kila siku, utumbo wao ulipunguza kuvuja, ingawa hawakurefuka zaidi ya wenzao.
- Kilimanjaro, 2025: kati ya wanaume 77, walioacha vyakula vya asili kwa wiki mbili na kula vya kizungu, dalili zao za uvimbe mwilini zilipanda. Kwa waliohamia vyakula vya asili, zilishuka.

Kwa hiyo pesa ya unga au vidonge vya dukani inunulie maharage au kunde.

Nyumbani Ikwiriri na Kibiti
- Kunde za mlau, zinazopandwa bondeni maji ya Mto Rufiji yakishashuka, zianike zikauke vizuri. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha hadi zilainike kabisa.
- Ugali au wali uende na kisamvu, matembele au mchicha. Msimu wa maembe, kila mtu apate tunda.
- Kama hamjazoea kunde, anzeni kidogo kidogo ili tumbo lisijae gesi.
- Mtoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Yana sukari maalumu za kulisha bakteria wazuri. Akifikisha miezi 6, mwongezee uji wenye unga wa kunde zilizokaangwa na kusagwa.
- Chemsha maji ya kunywa na nawa mikono kwa sabuni. Kunde haziondoi uchafu uliomo kwenye maji.

Mtoto akiharisha
Mpe ORS, endelea kumnyonyesha, na mpeleke zahanati apate zinki. Akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani au hawezi kunywa, mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo.